Udongo Alioonja Bwana Shamba

Bwana Shamba alikuwa akitia chumvi kwenye chakula kabla hajakionja. Umwekee sukuma wiki, umwekee githeri, umwekee hata mayai yaliyokwisha kutiwa chumvi jikoni, mkono wake ulitangulia kwenye kikopo, ndipo macho yakafuata kwenye sahani. Mke wake, aliyefundisha shule ya msingi na ambaye sote tulimwita Mwalimu, alichoka kumkanya. Alimwita Jaduong', yaani mzee kwa lugha yao.

"Jaduong', si uonje kwanza?"

"Nikionja nitapata haitoshi. Si heri nimalize hiyo kazi mapema?"

Na huyu ndiye aliyelipwa mshahara na serikali, pamoja na mambo mengine, kwenda kupambana na chumvi kwenye mashamba ya watu. Nikimkumbuka, mambo hayo mawili hayaachani: kikopo mezani, na yeye mwenyewe akiwa amechuchumaa kwenye shamba la Mama yangu huko Kimana, akitema mate.

Tulipakana naye Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Kati ya kwao na kwetu palikuwa na seng'enge tu, na nguo za pande zote mbili zilianikwa juu yake, hata ikawa kawaida kurudishiana soksi. Alitoka magharibi, kwenye mashamba ya mpunga, na hilo ndilo tulilojua juu ya asili yake. Kazi yake ilikuwa ofisi ya kilimo ya Kajiado. Kila asubuhi, jua liwake au vumbi lipepee, alivaa gambuti nyeusi hadi magotini, akapanda pikipiki. Wauza maziwa wa stendi walikuwa hawamwachi.

"Bwana Shamba! Leo bahari iko wapi?"

"Inakuja," alijibu. "Mimi nimetangulia tu kuipokea."

Kwake nyumbani hapakuota kitu. Uwanja wake ulikuwa na magugu, gurudumu la lori na mche mmoja wa papai uliokataa kufa na kukataa kukua. Kinyozi hajinyoi, Mama alikuwa akisema, na alilisema kwa sauti ya kutosha kuvuka seng'enge.

Alikuwa na haraka ya ajabu kwa mambo yote yake. Alikunywa chai ikiwa moto wa kuunguza, akasimama kabla kikombe hakijaisha. Kanisani aliimba besi, na aliimba akiwa mbele ya wenzake kwa neno moja, kama mtu anayewaonyesha njia. Lakini mbele ya mmea alibadilika kabisa. Angesimama kwenye tuta akaangalia jani moja mpaka wewe uliye naye uanze kuona aibu. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo, na siku zile nilikuwa nashona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River, ambako ukisimama kidogo msimamizi yuko nyuma yako. Kwa hiyo nilipoandamana na yeye na Mama kwenda Kimana siku zangu za mapumziko, huko kusimama kwake kulinitia wazimu.

Mdomo wake ndio uliokuwa chombo chake cha kazi, na ndio uliomtia matatani. Alipenda Kimaa, lugha yetu Wamaasai, na Kimaa hakikumpenda. Mtu alimwambia kwamba "yeyo" ni mama, basi akamwita Mama yangu Yeyo, ingawa walikuwa rika moja. Alijifunza pia "takwenya", ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni salamu ya kuwapa wanawake. Siku ya kwanza kukutana na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, mzee mwenye fimbo na maneno machache, Bwana Shamba alimnyooshea mkono akasema kwa furaha, "Takwenya, Mzee!" Baba mkubwa aliutazama ule mkono, akazitazama gambuti, akamuuliza Mama kwa Kimaa huyu mtu ameokotwa wapi.

Na baba mkubwa ndiye tuliyemhitaji kuliko wote.

Ranchi ya jamii ilipogawanywa, kipande chetu kiliangukia bondeni, chini kabisa ya mfereji. Waliokuwa juu walipata udongo mwekundu wa nyanya na vitunguu. Sisi tulipata ardhi ambayo ikikauka inageuka nyeupe kama imemwagiwa unga. Baada ya mvua za El Niño weupe ule ukazidi. Baba hakukaa sana nayo. Alifariki, tukamzika hapo hapo, kwenye mwinuko mdogo kando ya mfereji. Baba mkubwa akasema mara moja kwamba shamba liuzwe, tununue malisho kwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfugaji, na aliona shamba lisilolisha mtu wala mbuzi. Mama hakuwa na jibu isipokuwa moja.

"Nitamwachaje mzee wangu kwa watu nisiowajua?"

Hilo baba mkubwa hakulipuuza. Alimpa nafasi: kikivunwa kitu cha kuonekana, hatafungua mdomo tena, kisipovunwa, anauza. Mama akapanda nyanya. Majani yakaungua kwenye kingo, yakawa ya njano. Majirani wa shamba wakamwambia hiyo ni njaa, ongeza fatalaisa, mbolea ya dukani, naye akaongeza. Nyanya zote zikalala chini ndani ya wiki. Baba mkubwa alizitazama, akasema kwamba ameona, lakini hata mjane hupewa jaribio la pili, basi apande mara moja tena, ya mwisho.

Ndipo Mama alipoegemea seng'enge akamweleza Bwana Shamba, na Bwana Shamba akaja Kimana, akachuchumaa, akachota udongo kwa vidole viwili, akauweka kwenye ncha ya ulimi.

"Iko na chumvi," alisema, akatema.

"Hiyo hata ng'ombe wanajua," Mama akajibu.

"Sasa Yeyo, panda mpunga."

Mama alicheka mpaka leso ikafunguka. Mpunga! Kimana, kwa mjane wa Kimaasai, kwenye udongo ambao hata majani ya mbuzi yalikuwa yameukimbia. Lakini Bwana Shamba hakuwa akifanya mzaha. Alimwambia mpunga nao hauipendi chumvi, asidanganyike, miche yake michanga hufa haraka. Ila ndio mmea unaokubali kusimama ndani ya maji huku wewe ukiuosha udongo miguuni pake. Unajaza maji, unayaacha yayeyushe chumvi, unayafungulia yaende zake, unajaza tena. Kama kuloweka nguo, alisema, na usipomwaga maji ya kwanza umefua bure.

"Na mbolea?"

"Mbolea ni chumvi tu, Yeyo! Ile nyanya ilikuwa inakufa kiu kwa chumvi, wewe ukaiongezea nyingine. Mbolea ni chumvi tu."

Alilipenda neno hilo. Alilisema kwa Mama, akalisema kwa majirani wa mfereji, akalisema juu ya pikipiki akipita. Lilikuwa kweli, na lilieleza jambo ambalo watu hawakuwa wamelifikiria. Baadaye nitasema lilitufanyia nini.

Maji yalikuwa vita. Wenye nyanya walilalamika kwamba maji ya watu yanatumika kuoshea matope. Bwana Shamba akaomba zamu ambayo hakuna aliyeitaka, Jumapili asubuhi, wakati Kimana nzima iko kanisani. Mama, ambaye hakuwahi kukosa ibada, alikosa usingizi kwa sababu ya jambo hilo. Alimuuliza mchungaji, mchungaji akamwambia ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Bwana unamtoa. "Hata mimi natoa chumvi," Mama akasema, na hapo moyo wake ukatulia. Basi Jumapili hizo Bwana Shamba alisimama matopeni na gambuti zake, ambazo mwishowe zilikuwa zimepata bahari, akaimba besi peke yake bila kwaya, bado mbele kwa neno moja.

Miche aliiotesha juu, kwenye udongo mzuri wa jirani mmoja aliyemwonea Mama huruma, akaiacha ikomae zaidi ya kawaida kabla ya kuihamisha, ili isikutane na chumvi ikiwa bado na maziwa mdomoni. Mama alitaka kumwaga samadi kutoka bomani. Akamkataza: samadi mbichi imejaa mkojo, na mkojo wa ng'ombe wanaolamba magadi ni chumvi nyingine. Alimtuma kwenye boma lililohamwa zamani, lililonyeshewa mvua nyingi, na hiyo ndiyo tuliyobeba. Majani yalipotoka madoa ya kutu, sote tukajua tumekwisha, lakini yeye alisema huo ni upungufu wa zinki tu, udongo wa namna ile huificha, akaleta unga wake kwenye karatasi ya gazeti.

Mbolea yenyewe ilikuwa ile nyeupe ya punje ndogo wanayoiita SA, salfeti ya amonia. Yurea aliikataa, alisema kwenye udongo wetu ingepanda hewani tukabaki kunusa. Na hakutaka itiwe yote kwa pamoja. "Haba na haba, Yeyo," alikuwa akisema, na Mama akamalizia kibaba. Wakati wa kuitia alimfundisha kwa njia aliyoielewa mfugaji: kidogo miche ikishika mizizi, kidogo ikianza kuzaa watoto, yaani kuchipua pembeni, kidogo ikishika mimba ya suke. Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mimba ya ng'ombe aliijua kwa kutazama tumbo, na sasa akaanza kuminyaminya mabua ya mpunga kwa vidole vile vile. Kila mara kwanza alipunguza maji mpaka matope yakaonekana, akaziba njia ya kutokea, akanyunyiza, akakanyagakanyaga, ndipo akarudisha maji. "Ukitia na njia iko wazi," Bwana Shamba alimwambia, "unapikia jirani."

Siku ya mbolea ya kwanza baba mkubwa alikuja kuangalia. Alisimama kwenye tuta. Mfuko ulikuwa wazi, mweupe. Bwana Shamba, kwa ule ukarimu wake wa maneno, akamwonyesha punje kwenye kiganja.

"Mzee, usiogope. Mbolea ni chumvi tu."

Sisi tukarudi matopeni. Baba mkubwa akaenda zake, na hatukuona kwamba kopo letu la kuchotea limeondoka naye, likiwa limejaa.

Mfugaji akisikia chumvi anafikiria nini? Emakat, magadi ya ng'ombe, kitu ambacho watu huswagia mifugo mwendo wa siku nzima ili walambe. Alikuwa na maksai mmoja mwekundu aliyempenda kuliko baadhi ya watoto wake, na alimpa yeye kwanza, kama unavyompa mgeni wa heshima. Tulijua pale alipotokea mwanawe mkubwa akikimbia, akisema ng'ombe anatetemeka, anatoa povu, tumbo linavimba.

Bwana Shamba alipoliona kopo pale bomani, uso ulimwisha damu. Sijawahi kumwona mtu akiogopa namna ile. Mama alikaa chini. Sote tulielewa bila kuambiana: maksai huyu akifa, hakuna mpunga utakaotutetea, shamba limekwenda na kaburi ndani yake.

"Vinega!" Bwana Shamba alipiga kelele. "Nani iko na vinega?"

Nani ana vinega bomani? Alirukia pikipiki. Senta ya Kimana palikuwa na kibanda cha chipsi, na aliingia humo na gambuti zake za matope, akakusanya chupa zote mezani mbele ya watu waliokuwa wakila, pamoja na dumu lililokuwa chini ya kaunta. Alirudi nalo kifuani. Wakachanganya na maji mengi ya baridi, kwa kuwa ukali wa vinega huituliza sumu ya mbolea ile tumboni, wanaume wanne wakamshika maksai, na Bwana Shamba akammiminia mdomoni kwa chupa ya soda, akimsemesha kwa Kijaluo. Boma lote lilinuka chipsi.

Tulingoja. Mtetemeko ulipungua, ukarudi, ukapungua. Halafu yule maksai akateuka mteuko mkubwa mbaya, akatikisa kichwa, na baada ya muda akasogea mwenyewe kwenye kivuli. Jioni alikuwa anacheua. Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na haikuwa huzuni.

Baba mkubwa alimkabili Bwana Shamba.

"Wewe ulisema ni chumvi."

"Nilisema, Mzee. Makosa ni ya mdomo yangu."

"Na hiyo maji ya chupa, ni ya nini?"

"Watu hutia kwa viazi."

Baba mkubwa akacheka, kicheko ambacho mimi sikujua kama anacho. "Takwenya, Bwana Shamba," akasema, akampa mkono. Tangu siku hiyo walisalimiana hivyo, wazee wawili, kwa salamu ya wanawake, na ole wako ucheke.

Na tangu siku hiyo Bwana Shamba hakusema tena kwamba mbolea ni chumvi tu. Alisema mbolea ni dawa, na dawa hukaa mbali na watoto na ng'ombe. Mfuko ukafungiwa ndani. Watu wengine wakiumbuka hunyamaza. Yeye alisimulia kisa hicho kwa kila mkulima, akijichekea, ili asiwepo mwingine wa kukosea.

Sasa, yale maji ya kuosha, ya kabla ya mbolea yoyote, yalikuwa yakitoka shambani na kutuama kwenye kibonde mwisho wa mpaka. Jua likayakausha, likaacha ganda jeupe. Ng'ombe wa baba mkubwa wakaligundua wenyewe. Bwana Shamba alishauri kibonde hicho apewe mzee, kwa sharti moja, kwamba tukishatia mbolea njia inazibwa na hakuna tone linalofika huko. Mama akakubali. Ikawa chumvi inamwacha anayeichukia na kumwendea anayeipenda, na baba mkubwa akawa wa kwanza kuuliza kama Jumapili hii tutaosha.

Mavuno ya kwanza hayakuwa ya kujivunia. Upande wa chini mpunga ulikuwa mfupi, masuke mengine yalikuwa makapi matupu. Lakini upande wa juu, ule wa karibu na kaburi, uliinama kwa uzito. Baba mkubwa alizunguka shamba lote, akavunja suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Punje zikabaki. Alitafuna moja.

"Hii ni chakula ya ndege," alisema. Kisha akasema, "Lakini ni chakula." Habari ya kuuza hakuitaja tena, hata mwaka wa ukame.

Utadhani baada ya hapo Bwana Shamba aliridhika. Wapi! Kila msimu alichuchumaa, akaonja, akatema, akasema, "Bado iko na chumvi." Mavuno yaliongezeka, miche haikufa tena, Mama akaanza kuuza mchele Kitengela kwa majirani waliokuwa wameucheka mpunga wake. "Bado iko na chumvi." Mama alimwandalia kuku, akafika, akaenda kuonja shamba kwanza, akarudi mezani na neno lile lile, halafu akavuta kikopo akatia chumvi kwenye kuku. Ilimkera Mama. Aliniambia mtu huyu angeingia mbinguni angeonja sakafu.

Alistaafu, wakahamia nyumba yao wenyewe upande wa pili wa Kitengela, na shughuli zikatutenga. Kisha siku moja tukasikia kwamba presha imemwangusha, amelazwa Nairobi. Walioleta habari walisema amekwisha. Mama alikuwa Kimana. Alikuja na basi la kwanza, tukaenda moja kwa moja kutoka stendi hadi kwa Bwana Shamba. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta viti vya matanga uani.

Hapakuwa na viti. Palikuwa na Bwana Shamba ukumbini, ameruhusiwa kutoka hospitali, amekonda, mkono wa kushoto umelegea, gambuti zimesimama kando ya mlango kama kawaida. Alituona akaanza kucheka. Nikakaa pale pale karibu na mlango.

"Yeyo! Ulikuja kunizika?"

"Nilikuja kuangalia," Mama akasema. "Walisema uko na hali mbaya."

"Hali ni hii. Daktari amekata chumvi. Hata punje moja. Mwalimu ameficha kikopo na mimi sijui iko wapi, kwangu mwenyewe!"

"Na hutajua," Mwalimu akasema kutoka jikoni.

Mama alikuwa amebeba mchele wa Kimana, na Mwalimu akaupika mara moja, bila chumvi. Ulipokuwa ukiiva Mama alifungua pembe ya leso. Ndani palikuwa na udongo kidogo, mweusi, mkavu. Alisema tu kwamba mgonjwa hawezi kufika shambani msimu huu, basi shamba limekuja.

Bwana Shamba alijinyoosha kitini. Akachota kwa vidole viwili vya mkono mzima.

"Jaduong'!" Mwalimu alitoka jikoni na mwiko. "Daktari amesema chumvi hapana!"

Alikuwa amekwisha kuuweka ulimini. Alifumba macho. Safari hii hakutema. Alikaa nao, na mimi nisiye na subira nilijikuta nimeshika pumzi. Mama alikuwa ameshika pembe mbili za leso, hatazami popote ila mdomo wake.

"Haina chumvi," Bwana Shamba akasema.

"Sema tena," Mama akamwambia.

"Yeyo, haina. Haina chumvi kabisa."

Mama aliikunja leso pole pole, akaifunga kiunoni. "Ashe," akasema, asante yetu ya Kimaa. Baadaye sana, tukiwa njiani kurudi, aliniambia kwamba Baba amelala mahali pazuri, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote ile alikuwa akiufikiria udongo ule kwa ajili yake pia.

Pale ukumbini wali ulikuwa umeiva. Mwalimu alimfuta mumewe mdomo kwa pindo la kanga, akamwekea sahani mapajani.

"Basi kula," akamwambia. "Na huu pia hauna."

Mkono wa Bwana Shamba ulikwenda kwenye kikopo kisichokuwapo, ukasimama hewani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaonja kwanza.